Uongo wa Kibanda

“Ni vituko vyako hivi! Miaka ishirini na sita—”

“Dada, hebu nione kwanza—”

“—ishirini na sita nafagia nyuma yako kama ninayemfuata mtoto mwenye mkate—”

“Nione skrini, Dada! Umesimama mbele yake, na wewe si kioo!”

“Kioo kiko mle ndani kinakufa, na wewe unaleta mizaha!”

“Themanini na sita,” alisema mtu wa tatu, taratibu, na wote wawili wakafunga midomo.

Aliyesema ni mkuu wa tanuri, ambaye kiwanda kizima cha kioo kilimwita Jivu tangu nywele zimgeuke rangi kabla ya umri wake. Alisimama mlangoni, bega moja ndani ya chumba cha kompyuta, jingine nje kwenye joto, macho kwenye kibao cha ukutani chenye tarakimu nyekundu. Kibao kilisoma 1,386. Jivu alikuwa ameshaacha kutaja elfu na mia. Alitaja mbili za mwisho tu, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa zimebaki.

Asubuhi ile umeme ulikatika dakika tatu. Moto wenyewe ni wa gesi, haukuzimika, lakini ilizimika kompyuta inayouambia moto uwake kiasi gani na upande gani. Ikawashwa, ikaamka salama salimini, ila programu ya tanuri ikagoma. Kwa hiyo huko ukumbini watu wanne wenye glavu walikuwa wanazungusha magurudumu ya vali kwa mikono, wawili kushoto, wawili kulia, na kila baada ya dakika ishirini wanavuta wenzo mkubwa wa chuma ili moto uhame upande, maana tanuri la kioo linapumua kwa zamu, tundu hili la pua kisha lile. Mikono iliweza kuichelewesha baridi. Kuirudisha nyuma haikuweza. Kila dakika nyuzi moja ya joto ilikuwa inakwenda.

Joto likishuka chini ya elfu moja na mia tatu, kioo kinakuwa kizito, kinanata kooni mwa tanuri, kinaziba. Baada ya hapo ni nyundo. Unavunja matofali na kioo pamoja, unajenga upya miezi minane, na watu mia mbili na kumi wanakaa nyumbani wakisoma nyufa za dari. Jivu alilisema hilo mara moja tu, alipompigia Rula simu. Hakulirudia.

Rula ndiye dada mkubwa. Jina hilo alipewa na huyu huyu mdogo wake walipokuwa watoto, kwa kuwa alikuwa amenyooka mpaka ukimgusa unaumia. Alikuwa mwalimu wa kompyuta chuo cha ufundi, na vidole vyake bado vilikuwa na chaki. Sentensi aliyokuwa anaiandika ubaoni aliiacha bila kitenzi. Mdogo wake aliitwa Nusu, kifupi cha Nusu Digrii, maana chuo kikuu alikiaga katikati ya mwaka wa tatu akasema atarudi Jumatatu. Jumatatu ipi, hakusema. Siku hizi alitengeneza simu kwenye meza ya barabarani, na alikuwa amekuja na bisibisi ndogo nyuma ya sikio kama penseli ya seremala.

“Nimekuita uje utoe kituko chako,” Rula alisema, sasa kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Kitoe, uende zako.”

Hakuwa anamwonea. Nusu alikuwa na rekodi. Zamani aliifanya kompyuta ya ofisi ya tiketi imjibu karani “Shikamoo” kila akikosea herufi. Siku wakurugenzi wa kiwanda hiki walipokuja kukagua mitambo, lile neno la kijani linalosubiri amri kwenye skrini, Sema, lilikuwa limegeuka kuwa Sema tena, sijasikia. Aliyeomba radhi ni Rula. Siku zote ni Rula.

Nusu akasogea, akasoma skrini. Dada yake alimsubiri acheke. Hakucheka. Alitoa bisibisi sikioni, akaiweka mezani polepole kama anaweka yai.

“Dada, hii si yangu.”

“Ya nani basi?”

“Soma. Hitilafu namba kumi na saba. Unaikumbuka kumi na saba?”

Aliikumbuka. Nani anasahau jina la aliyemvunjia nyumba?

Mfumo uliokuwa ndani ya kompyuta ile unaitwa Kibanda, na waliuandika wao wawili, kwenye chumba cha nyuma cha mama yao aliyekuwa fundi cherehani, mashine ikipiga tararara upande wa pili wa pazia. Enzi hizo kompyuta bila mfumo ni sanduku la bati tu, na mfumo ulikuwa mmoja, wa kampuni moja kubwa ya nje. Hakuna picha, hakuna kipanya, unaandika amri kwa lugha ya watu, ukikosea nukta unatukanwa kwa lugha hiyo hiyo. Dada na mdogo wake wakasema, kama lile ni jumba, sisi tutajenga kibanda pembeni. Wakaandika mfumo wao, wenye amri za kwetu: onyesha, nakili, futa. Ulienea kwenye flopi moja, ukaacha nafasi nyingi ya kumbukumbu, maana kibanda hakina sebule ya wageni. Tena ulikuwa na vyumba viwili: kompyuta inafanya kazi moja huku, wewe unabonyeza kitufe unahamia chumba cha pili unafanya nyingine. Jumba halikuwa na hilo. Kiwanda cha uchapaji kikachukua, ofisi ya tiketi ikachukua, shule mbili zikachukua.

Mwaka wa tatu, programu za kutoka nje zikaanza kuuliza swali mlangoni. Wewe mfumo, toleo lako namba ngapi? Ukitaja namba ya jumba, karibu ndani. Ukitaja namba yako mwenyewe, unatupiwa hitilafu isiyo na maelezo, na mteja anaona mbovu ni wewe. Kumi na saba ndiyo ilikuwa maarufu kuliko zote. Wateja wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kama wageni waliosikia harufu ya gesi.

Nusu akasema jibu ni jepesi: tudanganye. Programu ikiuliza, Kibanda kijibu namba inayotakiwa, kwani anaumia nani? Rula akakataa katakata. Hakutaka kazi yake itembee na kitambulisho cha mtu. Watauandika vizuri, alisema, mpaka programu zenyewe zione haya kuukataa. Wakagombana wiki nzima, hadi mama yao akasimamisha cherehani. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, akawaambia, ila nyie mtavunjika. Mteja aliyebaki alikuwa mmoja, kiwanda cha kioo, na siku ya majaribio ilishapangwa. Rula akajifungia siku sita akaandika upya karibu kila kitu. Siku yenyewe ikafika, programu ya tanuri ikauliza swali lake, pakawa kimya, ikakubali.

Baadaye yakaja madirisha na vipanya, dunia ikaacha kuandika amri, Kibanda kikafa kila mahali isipokuwa hapa, kwa sababu tanuri la kioo halizimwi, na kitu kisichozimwa hakuna anayethubutu kukigusa. Lakini Rula aliibeba siku ile. Kila mwaka aliwasimulia wanafunzi wapya. Njia ya mwongo ni fupi, jamani. Kazi nzuri haihitaji uongo. Ushahidi ninao, uko kiwandani unawaka.

“Kumi na saba tuliivuka,” alisema sasa. “Mimi niliivuka.”

Nusu alikuna shingo.

“Hukuivuka, Dada.”

“Unasemaje?”

“Asubuhi ya majaribio, ulipokwenda kunawa uso, niliweka orodha. Programu fulani ikiuliza, ijibiwe namba fulani. Mistari michache tu. Ukarudi, ikakubali, ukaruka juu kama mtoto. Ningekwambiaje? Ulikuwa hujalala siku sita.”

“Miaka ishirini na sita, Nusu?”

“Nilipanga kukwambia Jumatatu.”

“Sabini na nne,” alisema Jivu.

Rula alijisikia kama mtu aliyeshuka ngazi akakuta kidato kimoja hakipo. Hasira ilikuwa njiani, aliiona inavyokuja, lakini swali liliitangulia.

“Hiyo orodha iko kwenye faili gani?”

“VITUKO. Nililipa jina hilo makusudi, nikalificha. Nilijua hata ukiliona hutalisoma.”

Hapo hasira ikageukia njiani ikarudi ilikotoka.

Wiki tatu zilizopita Rula alikuja kufanya ukaguzi wa kila mwaka. Diski ilikuwa inakaribia kujaa, kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, akaamuru onyesha yote, na vilivyofichwa. Akaliona. VITUKO. Hakulifungua. Alitabasamu peke yake, akaandika futa, akabonyeza, akajisikia vizuri kama aliyetoa utando wa buibui juu ya kabati. Kompyuta haikulalamika. Ingelalamikaje? Faili la namna ile husomwa mara moja tu, mfumo unapoamka, halafu mfumo unatembea nalo kichwani. Wiki tatu nzima Kibanda kilikuwa kinadanganya kwa kukumbuka tu. Umeme ukakatika, kikalala, kikaamka, kikapapasa karatasi yake, haipo, kikajibu ukweli.

Nusu alishakaa kitini, vidole vinakimbia. Akaita faili. Akaita tena.

“Halipo. Dada, halipo! Umeme umelila.”

“Umeme?” Jivu alilidaka hilo neno kama mtu aliyerushiwa kamba kisimani. Mkurugenzi alikuwa anapiga simu kila dakika tano kuuliza kosa ni la nani. “Kwa hiyo niwaambie ni umeme?”

“Waambie ni umeme. Umeme haujitetei.”

Jivu akatoka na simu yake. Rula akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa rahisi ajabu. Hata kusema uongo hakutakiwa, alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza ni kipaji chake.

“Usiogope,” Nusu alisema bila kugeuka. “Umeme ukila faili huacha makombo. Napitia diski kipande kwa kipande, nitaliokota. Dakika arobaini hivi.”

Sitini na nane. Namba zikaanza kuteremka kwenye skrini.

Rula alijua kitu ambacho mdogo wake alikuwa amekisahau. Kwenye mfumo wa jumba, kufuta ni kubandua jina mlangoni. Vyombo vinabaki ndani, mwenye subira anavikuta. Yeye jambo hilo lilimkera. Kwenye Kibanda aliandika futa inayobandua jina, kisha inaingia chumbani na sabuni. Mimi nikifuta, nimefuta, alizoea kujigamba. Nusu alikuwa anatafuta makombo kwenye sakafu aliyoipiga deki yeye mwenyewe.

Sitini na nne. Ukumbini wenzo ulivutwa, chuma juu ya chuma, moto ukahama. Mmoja wa watu wa vali, mtu wa miraba minne, alikuwa anamwagiwa maji kisogoni na mwenzake. Sitini na moja. Rula alitazama chaki kwenye vidole vyake. Mficha uchi hazai, mama yao alikuwa akisema, ingawa yeye aliwasemea wateja waliodanganya vipimo vya kiuno. Hamsini na nane.

“Acha kutafuta.”

“Niko karibu ro—”

“Acha, Nusu. Umeme haukula kitu. Nimelifuta mimi.”

Vidole vikasimama hewani.

“Lini?”

“Wiki tatu.”

“Kwa futa ipi?”

“Kwani ziko ngapi?”

“Futa yako.”

“Futa yangu.”

“Basi hata malaika hawana nakala.” Akageuka na kiti chake. “Flopi ya akiba? Si unanakili kila mwaka?”

“Nilisafisha kwanza. Ndipo nikanakili, juu ya ile ya zamani.”

 Kicheko kikamponyoka Nusu, kibaya, kama kikohozi. “Dada yangu, wewe ukiwa mwizi utaosha vyombo kabla ya kuondoka.”

Jivu alikuwa amerudi mlangoni. Hakucheka.

“Nimeshawaambia ni umeme,” alisema.

“Utawaambia tena.”

“Tangu sitini na nane ulikuwa unajua, Mwalimu?”

“Nilikuwa najua.”

Jivu alimwangalia kama anavyoangalia chupa yenye ufa. Kisha akasema, “Hamsini na sita,” akaenda kuvuta wenzo mwenyewe.

“Haya,” Nusu alisema, akijisugua mikono. “Mstari mmoja unatosha. Jina la programu, na namba ya kuijibu. Jinsi ya kuandika naijua. Tatizo ni namba.”

“Huikumbuki?”

“Mimi hata namba yangu ya simu naisoma mgongoni mwa simu! Jumba lilitoa matoleo mangapi? Kumi na tano?”

Rula alishamaliza hesabu. Programu ikikataa inajifunga mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya, na mashine ile kuukuu, ya rangi ya meno ya mvuta sigara, ilichukua dakika nne kuamka. Majaribio kumi na tano, dakika sitini. Nyuzi walizokuwa nazo hazifiki hapo.

“Toleo la tano ndilo lilivuma,” Nusu alisema. “Naandika tano.”

“Tanuri lilikuja kabla ya—”

“Tano, Dada. Nina hisia.”

“Hisia zako ndizo zilizokutoa chuo.”

“Na usafi wako ndio uliotuleta hapa.”

Hilo lilipata. Rula alirudi nyuma hatua moja. Nusu akaandika, akahifadhi, akazima. Skrini ikawa nyeusi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile waliusikia moto wenyewe, unavyonguruma nyuma ya ukuta, mara unapanda, mara unasita. Akawasha. Feni ikakohoa. Mashine ikahesabu kumbukumbu yake tarakimu kwa tarakimu kama keshia mgeni. Arobaini na saba ilipotokea ukutani, neno la kijani likatokea kwenye skrini: Sema.

Nusu akaita programu. Mstari mdogo ukapepesa, ukapepesa.

Hitilafu kumi na saba.

“Nne,” alisema haraka. “Nne kamili. Au nne na moja. Kulikuwa na nne na moja, siyo? Nafuta hii ya tano, naweka—” Alikuwa ameacha utani. Rula alimfahamu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Aliwahi kumsikia anatania kwenye kiti cha daktari wa meno. Kukosekana kwa utani kule kulimtisha kuliko kibao cha ukutani.

Ukumbini mtu akapiga yowe. Yule wa miraba minne alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye nguzo, miguu imenyooka, mdomo wazi. Jivu akarukia gurudumu lake, na upande wa wenzo ukabaki bila mtu. “Fanyeni haraka, jamani!” akafoka. “Sasa zinakwenda tatu tatu!”

Nusu akashtuka, akagonga kitufe cha kuzima.

Nyeusi.

“Umeandika ngapi?” Rula aliuliza.

Nusu alitazama mkono wake kama si wake.

“Nusu. Umeandika namba gani?”

“Sijaandika. Nimefuta ile ya tano, halafu… Dada, sijaandika kitu.”

Dakika nne. Alishawasha, hakuna la kufanya ila kungoja. Thelathini na tisa. Mashine ilikuwa inahesabu kumbukumbu yake bila haraka yoyote, kama inalipwa kwa siku. Thelathini na tano.

“Tatu nukta thelathini,” alisema Rula.

“Nini?”

“Namba. Ni tatu, nukta, tatu, sifuri.”

“Umejuaje?”

Rula alijipangusa chaki kwenye sketi. Haikutoka.

“Siku ya tano, kati ya zile sita, niliifungua hiyo programu nikaisoma herufi kwa herufi, nione inauliza nini hasa. Nikaiona namba inayoitaka. Nikaiandika kwenye Kibanda. Kwa mkono wangu. Ilikaa humo kama saa moja.”

“Halafu?”

“Halafu nikaona aibu, nikaifuta.”

“Kwa futa—”

“Kwa futa yangu, ndiyo! Nikafikiri siku ya majaribio ilikubali kwa sababu ya hiyo aibu.”

 

Ishirini na saba. Sema, ikasema skrini.

Nusu akanyoosha mkono. “Naandika kwenye faili, tunazima tena—”

“Dakika nne, mara tatu tatu. Tutabaki na kumi na kitu, na koo litakuwa limeshaanza kunata. Ondoka kitini.”

“Unataka kufanya nini?”

“Ondoka, wewe!”

Akakaa. Namba ya Kibanda, ile ya kweli, aliyoipanga yeye, ilikaa mahali pamoja tu kichwani mwa kompyuta, na mahali hapo Rula alipajua kama mlango wa kwao. Ukiandika juu yake, unaandika moja kwa moja kwenye fahamu za mashine. Ukikosea nafasi moja, mfumo wote unazimia. Na uliloliandika linaishi mpaka mashine izimwe, basi. Aliandika anwani. Skrini ikamwonyesha: mbili nukta sifuri. Kibanda, toleo la pili. Miaka ishirini na sita iko pale, imekaa kimya kama mtoto aliyeambiwa angoje.

Ishirini na tatu.

Akaandika juu yake. Tatu. Tatu. Sifuri. Akabonyeza, akaita programu, akaondoa mikono.

Pakawa kimya. Kilikuwa kimya kile kile cha siku ya majaribio, na sasa ndipo alipojua kilikuwa na nini ndani yake: swali, jibu, na mtu mmoja chumbani aliyekuwa anajua.

Safu za namba zikajaa skrini. Ukumbini kitu kikafanya tak, tak, tak, vali zikijigeuza zenyewe, na vichomeo vya kushoto vikavuta pumzi vikanguruma kwa sauti moja.

“Imeshika!” Jivu alikuwa anapiga kelele. “Imeshika! Mikono juu, imeshika!”

Kumi na tisa. Kumi na nane. Kumi na nane. Kumi na nane. Halafu kumi na tisa, na watu wakapiga mayowe kwa ajili ya kumi na tisa kama waliofunga goli dakika ya mwisho.

Nusu akainamia kibodi, akabonyeza kitufe cha chumba cha pili, akaandika mstari wake ule mmoja kwenye faili jipya, VITUKO, kwa ajili ya siku nyingine Kibanda kitakapoamka. “Nimeandika,” akasema. “Nimehifadhi. Angalia mwenyewe, maana leo siaminiki.” Akairudisha bisibisi nyuma ya sikio, na utani ukarudi nayo. “Dada, wanafunzi wako utawaambia nini? Njia ya mwongo ni fupi?”

“Nyamaza.”

“Fupi nzuri! Dakika nne tusingekuwa nazo.”

Dakika thelathini baadaye kibao kilisoma 1,351. Yule wa miraba minne alikuwa ameshasimama, anakunywa maji kutoka ndoo kwa mikono miwili, wenzake wanamtania kwamba amelala kazini. Jivu akaingia, midomo imepasuka, simu mkononi.

“Mkurugenzi anauliza tena chanzo.”

“Mwambie mwalimu alifuta faili,” Rula akasema.

Jivu akaipima ile sentensi. “Nitamwambia. Ila leo acha nimwambie tu kwamba inawaka.”

“Mwambie Jumatatu,” alisema Nusu, na Jivu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaonyesha meno. Akatoa kichwa mlangoni akawapigia mluzi watu wake: haya, imetosha, nendeni mkapumzike, mmefanya kazi ya wanaume ishirini.

Rula hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anaitazama skrini. Safu za namba zinapanda, kila kitu mahali pake, inawaka vizuri kabisa. Wiki tatu zote ilikuwa inawaka vizuri kabisa, kwa kukumbuka tu, na mstari mpya wa Nusu mashine ilikuwa bado haijausoma hata mara moja. Kwenye kioo cha dirisha la ukumbi aliwaona watu wa vali wanavua glavu, kidole kwa kidole. Mmoja alishalitupa koti begani na kuelekea mlango wa nje.

Alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Akagonga dirisha kwa ngumi, na ngumi ikaacha alama ya chaki.

“Jivu, warudishe!”

“Nani?”

“Watu wako. Wote wanne. Wavae glavu, washike vali.”

“Mwalimu, kuna nini tena? Si inapanda?”

Rula alikuwa ameshamgeukia mdogo wake, aliyekuwa bado anacheka.

“Nusu,” akamwambia, “izime.”